Homa ya Nguruwe na Swali la Tatu

Nguruwe aliyekufa kwa homa ya nguruwe ya Afrika, akilazwa chali na kupasuliwa tumbo, jambo la kwanza linalomgutusha atazamaye ni wengu, ambao wengine huuita bandama: mahali pa kiungo chembamba cha rangi ya zambarau pana kitu kilichovimba mara mbili au tatu ya kipimo chake, cheusi mithili ya makaa, na chororo hata kisu kikikigusa tu humeguka. Figo nazo zimetapakaa vitone vya damu kama madoa ya kanga, na tezi za matumboni zimejaa damu hata zikafanana na mapande ya damu iliyoganda. Nimesimama kando ya mizoga ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara daktari wa mifugo aliyeshika kisu aliuliza maswali yale yale, bila ya kuinua uso: mnyama huyu alitoka kwa nani, alifika lini, na wenzake aliokuwa nao wako wapi sasa? Swali la kwanza hujibiwa, la pili hujibiwa kwa kukisia, na likifika la tatu watu hutazama chini.

Swali hilo la tatu ndilo kiini cha elimu nzima ya kufuatilia maradhi ya virusi miongoni mwa nguruwe wafugwao, na ndilo ninalokusudia kulichungua hapa. Najua ya kuwa wasomaji wengi wa mwambao, kwa dini yao, hawali nyama hii wala hawamfugi mnyama huyu, na huenda mmoja wao akauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa kuwa jirani ni jirani: kutoka Mbeya na Njombe hata Moshi na Mbulu, kutoka Busia hata Masaka, nguruwe ni ada ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni mabati ya nyumba, naye ampotezaye hupoteza akiba ambayo hakuiweka mahali pengine popote. Tena yako maradhi ya nguruwe ambayo hayakukomea kwa nguruwe, na habari zake nitazieleza mbele.

Homa hii haina dawa. Kirusi chake hakimwambukizi mwanadamu, na hilo ni la kushukuriwa. Walakini kwa nguruwe wa kufugwa ukali wake hauna mfano. Tangu kimwingie mnyama hata dalili zidhihiri hupita siku baina ya 4 na 19, na katika muda huo mnyama hula, hutembea na huuzika. Kisha joto la mwili hupanda likapita nyuzi 40, masikio na tumbo hugeuka rangi yakawa mekundu yanayoelekea buluu, mnyama hukikataa chakula na kujikunyata pembeni mwa banda, na baada ya siku chache aghalabu huwa amekwisha kufa. Kufa kwake hakuufungi mlango, kwa sababu kirusi hudumu katika damu iliyomwagika na katika mbao za banda, hukaa miezi mingi katika nyama iliyogandishwa, na hata katika nyama iliyokaushwa kwa chumvi, hivi kwamba mnyama aweza kuwa amechinjwa, ameliwa na kusahauliwa, ilhali mabaki yake yaliyotupwa jalalani yangali yanatafuta nguruwe mwingine wa kumwingia.

Walimwengu waliifahamu homa hii kwanza kwa habari zilizotoka Kenya. Mwaka 1921 R. Eustace Montgomery, daktari wa mifugo katika utumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha maelezo ya milipuko 15 iliyotokea tangu 1909 hata 1915. Na katika nguruwe 1,366 waliokuwamo katika mashamba hayo, walikufa 1,352. Alionyesha kwa majaribio kwamba maradhi hayo siyo ile homa ya nguruwe iliyokuwa ikijulikana Ulaya, maana mnyama aliyekwisha kukingwa na ile ya Ulaya aliteketea kwa hii sawasawa na asiyekingwa. Na akawatuhumu ngiri na nguruwe mwitu kuwa ndio wanaokihifadhi kirusi pasi na wao wenyewe kuugua. Tuhuma hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilibakia na tundu moja kubwa: ngiri mzima alikutwa na kirusi kidogo mno damuni hata haikufahamika vipi angeweza kumwambukiza nguruwe wa kufugwa kwa kukaribiana tu.

Tundu hilo lilizibwa mwaka 1969, pale Walter Plowright na wenzake wa kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, walipotangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya papasi waliowakusanya katika mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Papasi huyu ni wa jamaa moja na yule ambaye wazee wetu wamjua kwa homa ya papasi iwashikayo watu walalao katika nyumba za udongo. Hukaa shimoni, humnyonya damu ngiri mchanga katika majuma yake ya mwanzo, wakati kirusi kinapokuwa tele damuni mwake, kisha aweza kustahimili miaka bila ya kula, na kirusi kikawa hai ndani yake muda huo wote. Jike hukipokea kwa dume, na hukirithisha mayai yake. Plowright huyu ndiye yule aliyeitengeneza chanjo ya sotoka, maradhi yaliyotangazwa mwaka 2011 kuwa yametoweka duniani. Nami sina budi kusema kwamba katika kazi zake mbili hizo, hii ya pili haikupata nusu ya sifa inayoistahili, kwa kuwa ilifumbua fumbo lililodumu karibu nusu karne, na ilifanya hivyo kwa watu kuingiza mikono katika mashimo ya ngiri na kuchekecha mchanga.

Lakini mashimo ya ngiri yatwambia asili ya kirusi tu, wala hayatwambii safari zake. Kama homa hii ingalingojea papasi atoke shimoni, ingalibakia katika mbuga za Afrika ya mashariki na kusini, ikiwagusa wafugaji wa pembezoni kila baada ya miaka kadhaa. Walioitoa huko ni watu. Mwaka 1957 ilizuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, na iliyoshukiwa ni makombo ya chakula cha ndege zilizotoka Afrika, waliyokuwa wakilishwa nguruwe wa karibu na hapo. Ikazimwa, ikarejea mwaka 1960, ikavuka mpaka na kuingia Hispania, ambayo haikusafika nayo hata mwaka 1995. Mwaka 1978 ilifika Sardinia, na kisiwa hicho kikakaa nayo zaidi ya miaka arubaini. Mwaka huo huo ilifika Malta, na watawala wakaamua kuwachinja nguruwe wote wa nchi, asibakie hata mmoja.

Mwaka 2007 ilishuka katika bandari ya Poti, nchini Georgia, kwenye Bahari Nyeusi, na yadhaniwa kwamba ilishuka pamoja na taka za meli. Nguruwe wa vijiji vya huko walikuwa wakizurura huru, wakila watakacho jalalani, na vifo vya kwanza vilidhaniwa kuwa ni vya maradhi mengine. Hata ukweli ulipobainishwa mwezi wa Juni, homa ilikuwa imekwisha kuenea sehemu kubwa ya nchi. Kutoka hapo ilipanda Urusi, ikaingia Ulaya ya mashariki, na mwezi wa Agosti 2018 ikaonekana Shenyang, nchini China, katika nchi iliyokuwa ikifuga takriban nusu ya nguruwe wote wa dunia. Mwaka 2021 ikazuka tena katika Jamhuri ya Dominika na Haiti, baada ya kutoonekana bara la Amerika kwa karibu miaka arubaini.

Twajuaje ya kuwa kirusi cha Poti kilitoka pande zetu? Twajua kwa nasaba yake. Wataalamu huisoma sehemu ya jeni moja ya kirusi, ile inayotengeneza ganda lake la nje, na kwa tofauti ndogo ndogo za maandishi hayo wamekigawa katika makabila 24, ambayo yote yameonekana Afrika. Kirusi cha Poti kilikuwa cha kabila la pili, na ndugu zake wa karibu walikwisha kujulikana Msumbiji, Zambia na Bukini. Kwa elimu hiyo hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliweza kutambua kwamba milipuko ya Tanzania haikuwa na baba mmoja: kirusi cha mwaka 2008 kilikuwa cha kabila la kumi na tano, ilhali kile kilichoonekana Kyela, mpakani na Malawi, mwaka 2010, na baadaye Dar es Salaam, kilikuwa cha kabila la pili. Mwenye kuitazama ramani ya Tanzania atafahamu mara moja maana ya habari hiyo. Baina ya Kyela na Dar es Salaam pana barabara kuu ipitayo Mbeya, Iringa na Morogoro, na hakuna ngiri wala papasi awezaye kuisafiri. Aliyesafiri ni nguruwe, akiwa hai ndani ya lori au akiwa nyama ndani ya gunia, na pamoja naye alisafiri mtu aliyekuwa na haja ya kuuza.

Hata hivyo nasaba nayo ina kikomo chake. Virusi vya kabila la tisa, vinavyozunguka baina ya Kenya na Uganda, vyafanana mno hata kuisoma sehemu ile fupi hakumwezeshi mtu kuutenga mlipuko wa kijiji hiki na wa kijiji kile. Yahitajika kusomwa kitabu kizima, nacho ni kirefu. Na kikisomwa chote, kitatwambia kwamba wanyama wawili waliugua kirusi kimoja. Hakitatwambia ni nani aliyemchukua mmoja wao kutoka sokoni siku ya Jumamosi jioni, akamfunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, na kumfikisha kwa mnunuzi kabla ya alfajiri. Habari hiyo imo katika kifua cha mtu, na haitoki kwa kipimo cha maabara.

Hapa ndipo ninapoona kwamba aghalabu mambo yetu huenda upogo. Huzungumzwa juu ya ujinga wa wafugaji, na huandaliwa semina za kuwafundisha dalili, ilhali mfugaji wa nguruwe wa Mbozi au wa Masaka azijua dalili kupita mwenye kumfundisha. Na kwa kuwa azijua, siku nguruwe mmoja anapokataa pumba, huwauza watatu waliobakia kabla ya magharibi. Tendo hilo hueneza maradhi kupita tendo lingine lolote, na mtendaji wake hana wazimu. Akili yake imepima vizuri: akimwita bwana mifugo, banda litatiwa karantini, machinjio yatafungwa, majirani watamlaani, na fidia, hata pale ambapo sheria imeitaja, huenda asiione kwa macho; asipomwita, atapata walau nusu ya bei. Dalali naye aijua hali hiyo, na ndiyo maana habari ya ugonjwa ikivuma, bei ikashuka, yeye huongeza safari badala ya kuzipunguza.

Nilimsikia mama mmoja, mwenye majike wawili na watoto kumi na mmoja, akizungumza na kijana wa idara ya mifugo aliyefika kwake na daftari. Kijana alimwamkia kwa adabu, shikamoo mama, akamwuliza kama pana mnyama yeyote aliyeugua juma lile. Mama alimkaribisha kigoda, akamtazama kwa huruma kabisa, akamwambia: “Marahaba mwanangu. Wewe ukiandika humo, mwisho wa mwezi utapata mshahara wako. Mimi nikikuandikisha, nitapata nini?” Kijana hakuwa na la kujibu, akaandika kwamba hapana mgonjwa. Na kijana yule si wa kulaumiwa, kwa kuwa hakupewa chochote cha kuweka mezani mkabala wa swali lile. Lakini kutoka kwake jibu lilipanda wilayani, na kutoka wilayani likapanda mkoani, na huko juu likawa takwimu ya kwamba kata ile ni salama.

Ndiyo maana ramani za maradhi haya hazina budi kusomwa kwa hadhari. Alama nyekundu zikisongamana mahali, aghalabu hapo ndipo penye daktari hodari, maabara ya karibu na wafugaji wanaomwamini. Na mahali peupe huenda pakawa na afya, huenda pakawa na kimya. Asiyetofautisha baina ya viwili hivyo huwapeleka askari na dawa za kunyunyizia mahali palipokwisha kujisaidia, na hupaacha palipo na moto chini ya majivu.

China iliyaona hayo kwa gharama kubwa. Homa ilipoingia, malipo ya kila nguruwe atakayechinjwa kwa amri yaliwekwa kuwa yuan 800 hata yakapandishwa kufika 1,200 mwezi uliofuata. Na bado zilikuwako wilaya ambazo hazina zake hazikuweza kulipa, na palipokosekana malipo, wagonjwa waliuzwa, wakaingia katika malori yaendayo mikoa ya mbali. Kinyume chake, Wacheki, homa ilipowafikia nguruwe mwitu wa eneo la Zlín mwaka 2017, walilizungushia uzio eneo lililoambukizwa, wakawalipa wawindaji kwa kila mzoga walioupata na kuutolea habari. Mzoga uliooza, ambao jana mtu angaliupita akiziba pua, ukawa na bei. Na kwa kuwa ulikuwa na bei, ulionekana. Haikupita miaka miwili nchi yao ikatangazwa kuwa imesafika. Nakiri kwamba eneo lao lilikuwa dogo na serikali yao ni tajiri kupita zetu, lakini kanuni waliyoitumia haitaki utajiri mwingi: waliinunua habari, na waliilipa papo hapo.

Haiti ni mfano wa upande wa pili, na ndio unaonihuzunisha zaidi. Homa ilipofika huko mwishoni mwa miaka ya sabini, wafugaji wadogo walikuwa na nguruwe wao wa asili, weusi, wadogo, wanaojitafutia chakula, ambao kwa mkulima walikuwa ndio benki, maana aliuza mmoja shule zilipofunguliwa na mwingine palipotokea msiba. Baina ya 1982 na 1983 nguruwe wote wa Haiti waliosalia walichinjwa kwa msaada wa wageni waliohofia homa isije ikavuka bahari. Fidia haikumfikia kila mtu, na badala ya nguruwe wale waliletwa nguruwe wa kigeni, waliohitaji chakula cha kununua na banda la sakafu ya saruji, mambo ambayo wenye nguruwe wenyewe hawakuwa nayo katika nyumba zao. Maradhi yaliondoka, ndiyo. Lakini yule aliyetoa mnyama wake kwa amri, akaona jinsi alivyotendewa, hatamwita daktari mara ya pili, na wala watoto wake hawatamwita.

Nilisema yako maradhi ya nguruwe yasiyokomea kwa nguruwe. Mwaka 1998, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, wafugaji walianza kuugua homa ya ubongo, na ikadhaniwa kuwa ni ile inayoenezwa na mbu. Watu waliingiwa na hofu wakawauza nguruwe wao kwa haraka. Nguruwe wale wakapelekwa majimbo ya kusini, na mauti yakawafuata, yakafika hata katika machinjio ya Singapore. Ilipofika Machi 1999 kilitambulikana kirusi kipya, ambacho kwa asili ni cha popo, nacho kikaitwa Nipah. Malaysia ilipoteza watu 105, na nguruwe zaidi ya milioni moja waliangamizwa. Ni kisa kile kile cha kuuza kabla ya magharibi, ila mara hii kilichokuwa ndani ya gari kiliwaua na watu.

Vyombo vya kufuatilia vimeongezeka, na sitaki nionekane mwenye kuvidharau. Kipimo cha PCR sasa chaweza kubebwa katika sanduku na kufanywa kando ya banda. Zipo nchi ambamo kamba ya pamba huning'inizwa bandani, nguruwe kwa udadisi wao wakaitafuna, kisha ikakamuliwa mate na mate yakapimwa, bila ya mnyama hata mmoja kukabwa wala kuchomwa sindano. Njia hiyo yatumika sana Marekani kwa maradhi ya uzazi na mapafu. Vietnam imekwisha kuruhusu chanjo za homa hii, na ulimwengu unazitazama kwa matumaini na kwa tahadhari, kwa kuwa miaka ya sitini chanjo iliyojaribiwa katika Ureno na Hispania iliwaacha wanyama wengi na maradhi sugu. Haya yote ni mema. Lakini kila kimojawapo huanza kazi baada ya mtu fulani kuamua kusema kwamba mnyama wake hali, na uamuzi huo hufanywa usiku, na mtu aliye peke yake, akihesabu ada ya mtoto.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza, kwa maoni yangu, ingepaswa kwenda kwa mwenye kutoa habari, kabla ya mashine na kabla ya semina: kiasi kidogo, kijulikanacho, kinacholipwa siku ile ile, hata kama kipimo kitaonyesha kwamba mnyama hakuwa na homa. Na dalali, ambaye kila mpango humfanya mshitakiwa, ingefaa afanywe shahidi, maana hakuna daftari la serikali linalozijua njia za nguruwe kama azijuavyo yeye. Na karibu na Krismasi na Pasaka, biashara inaposhika kasi, yeye ndiye aonaye ni kijiji gani kinauza kupita kawaida yake. Vizuizi vya barabarani na vibali vya kusafirisha mifugo vina kazi yake, ila kibali hukaguliwa kwenye lami, na pikipiki hupita mashambani.

Mara moja tu nimelisikia swali la tatu likijibiwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, aliyekaa katika tarafa ile miaka mingi, na ambaye watu walijua kwamba hajapata kumpeleka mtu polisi. Aliufunika wengu kwa jani la mgomba, akanawa, akakaa juu ya gogo karibu na dalali, akamwambia, “Kaka yangu, wewe watoto wako na wangu wanasoma darasa moja. Niambie tu.” Dalali alinyamaza kitambo, kisha akatoa simu, na kutoka katika simu ile akasoma majina manne ya watu, pamoja na vitongoji vyao na bei aliyowauzia. Tulifika kwa wote kabla ya jua kutua. Kwa wawili wa mwanzo wanyama walikuwa wakila. Kwa wa tatu, nguruwe alikuwa amelala pembeni, masikio yamegeuka rangi, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumfunga miguu, akingojea pikipiki.